Kengele Juu ya Kikonyo: Siliata wa Maji ya Munyu na Namna Anavyopewa Jina

Siliata wa kikonyo ni kiumbe wa seli moja anayeishi akiwa amejishikiza mahali pamoja. Mwili wake una umbo la kengele iliyogeuzwa mdomo juu, na chini yake hutokeza kikonyo chembamba kilichonata kwenye kitu: mzizi wa mkoko, gamba la kaa, mguu wa kamba, nguzo ya gati, uzi wa mwani. Kuzunguka mdomo wa kengele kuna safu za vinyweleo vidogo mno viitwavyo silia. Vinyweleo hivyo hupiga kwa zamu, vikavuta mkondo wa maji wenye bakteria na kuupeleka kooni. Kengele nyingi zina urefu wa kati ya mikromita 30 na 100, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Jicho tupu halimwoni mmoja mmoja, ila wanapoota kwa wingi huonekana kama ukungu mweupe au utando wa pamba juu ya kitu kilichozama.

Kundi lao huitwa peritriki, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nywele zinazozunguka. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliwaona katika maji ya mvua katikati ya miaka ya 1670, akawaeleza katika barua yake ndefu ya Oktoba 1676 kwa Royal Society ya London. Linnaeus aliunda jenasi ya Vorticella mwaka 1767, kwa neno la Kilatini linalohusu maji yanayozunguka kwa kasi. Tangu hapo spishi zilizotajwa zimefika mamia, na tatizo likakua pamoja nazo. Kengele moja hufanana sana na nyingine, na majina mengi ya zamani yalitolewa na watu waliokuwa na lenzi dhaifu na mchoro mmoja au miwili tu ya kuwaachia wenzao.

Kinachomshangaza kila anayemtazama siliata huyu kwa mara ya kwanza ni namna anavyoshtuka. Slaidi ikiguswa kidogo, kikonyo hujikunja ghafla, mdomo hufumba, na kengele yote hurudi chini. Kisha hunyooka polepole na kuendelea kula. Katika Vorticella mkunjo huo huchukua chini ya milisekunde 10, muda mfupi mara nyingi kuliko kupepesa kwa kope. Ndani ya kikonyo mna uzi uitwao spasmonema, uliojaa protini inayoitwa spasmini. Misuli ya binadamu huhitaji ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, ili kukaza. Uzi huu hukazwa na kalsiamu peke yake. Mwaka 1971 W. B. Amos alionyesha kwamba vikonyo vilivyokwisha kufa vinaweza kukunjwa na kunyooshwa tena na tena kwa kuongeza na kupunguza kalsiamu katika maji, bila ATP yoyote. Uzi huo una maana kubwa pia kwa anayetafuta jina la kiumbe, kwa kuwa ndio unaogawa jenasi za kundi hili.

Makazi yanayohusika hapa ni maji ya munyu, yaani yale ambayo si baridi wala si ya bahari kamili. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Venice mwaka 1958 uliweka mpaka wake kati ya gramu 0.5 na gramu 30 za chumvi kwa kila kilo ya maji; maji ya bahari wazi huwa na takriban gramu 35. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hayo yanapatikana kwenye delta ya Rufiji, kwenye milango ya mito kama Pangani na Wami, na katika hori nyingi zenye mikoko. Tabia yake kuu ni kutotulia. Maji yakijaa, chumvi hupanda; yakipwa, hushuka. Wakati wa bamvua tofauti huwa kubwa kuliko wakati wa maji mafu, na masika huweza kugeuza hori la chumvi kuwa karibu maji ya mto kwa siku kadhaa.

Mwaka 1934 Mjerumani Adolf Remane, aliyefanya kazi katika bahari ya Baltiki, alieleza kwamba idadi ya spishi za wanyama hushuka hadi kiwango cha chini kabisa pale chumvi inapokuwa kati ya gramu 5 na 8 kwa kilo. Wanyama wa baharini hawafiki huko, na wa maji baridi hawathubutu. Maelezo hayo yaliingia katika vitabu vya kiada na kukaa humo kwa miongo mingi. Lakini mwaka 2011 Irena Telesh na wenzake walikusanya takwimu za viumbe wadogo wanaoelea katika bahari hiyohiyo, wakakuta kwamba kwa protista, yaani viumbe wa seli moja kama siliata, mambo ni kinyume: idadi ya spishi hupanda mahali palepale ambapo wanyama wakubwa hupungua. Hori la mikoko lisilo na samaki wa aina nyingi linaweza basi kuwa limejaa siliata ambao bado hawajaandikwa popote.

Kubadilika huko kwa chumvi kunamgusa siliata mwilini. Ndani ya kengele mna kifuko, vakuoli, kinachojaa maji na kuyasukuma nje kwa mapigo. Maji ya nje yanapokuwa na chumvi kidogo, maji mengi hupenya ndani ya seli na vakuoli hupiga haraka. Chumvi ikiongezeka, mapigo hupungua. Katika miaka ya 1930 Mwingereza J. A. Kitching aliwahamisha peritriki wa baharini hadi katika maji ya bahari yaliyozimuliwa. Miili yao ilivimba, na vakuoli zao zikatoa maji mengi zaidi kuliko awali. Kwa anayetambua spishi, matokeo hayo ni onyo. Kengele nene iliyopimwa siku moja baada ya mvua kubwa, na kengele nyembamba iliyopimwa wakati wa kiangazi, zinaweza kuwa za spishi moja. Anayetoa jina jipya kwa kutazama umbo peke yake huwaachia wenzake kazi ya miaka ya kulifuta.

Kwa sababu hiyo kazi huanzia kwenye daftari kabla ya hadubini. Pamoja na kila sampuli huandikwa tarehe na saa, mahali hasa, joto la maji, kiwango cha chumvi kilichopimwa kwa rifraktomita, na kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa. Sampuli yenyewe huweza kuwa jani lililooza, kipande cha gome la mkoko au kaa mzima aliyechukuliwa pamoja na maji yake. Njia nzuri zaidi ni kuyaacha maji yenyewe yafanye kazi: slaidi safi za kioo hufungwa kwenye fremu, zikatundikwa chini ya gati au kwenye nguzo ya wando, zikaachwa hapo siku kadhaa hadi wiki mbili. Siliata waogeleaji hutua juu yake na kuota vikonyo. Slaidi hiyo huenda moja kwa moja chini ya lenzi bila mtu kuwabandua, na kutobandua ni faida kubwa, maana kikonyo kilichokatika hakimwambii mtafiti mambo mengi.

Mahali alipojishikiza siliata napo ni pa kuandikwa. Wapo wanaokubali kitu chochote kigumu, na wapo wanaopatikana juu ya mnyama wa aina fulani tu, hata juu ya kiungo fulani cha mnyama huyo. Wafugaji wa kamba wanawajua hawa kwa hasara yao. Siliata wa jenasi za Zoothamnium na Epistylis huota kwenye matamvua ya kamba katika mabwawa yenye mabaki mengi ya chakula. Hawali nyama yake. Wanakula bakteria walio majini. Lakini wakiwa wengi hufunika matamvua hadi kamba anashindwa kupata oksijeni ya kutosha. Kamba mwenye afya huwatupa pamoja na gamba lake kila anapojivua. Aliyedhoofu hukawia kujivua, na mzigo wake huzidi. Uwepo wao kwa wingi ni dalili kwamba maji ya bwawa yamechafuka, na dawa ya kwanza ni kuyasafisha maji hayo.

Sampuli ikishafika maabara, saa zinahesabika. Peritriki anayetaabika kwa joto au kwa kukosa oksijeni hufanya jambo la ajabu: huota pete ya silia karibu na sehemu ya chini ya kengele, hufumba mdomo, hujikata kutoka kwenye kikonyo na kuogelea zake. Umbo hilo la kuogelea huitwa telotroki. Atakayechelewa atakuta msitu wa vikonyo vitupu. Maji ya mahali alipotoka kiumbe ndiyo yatumike, si ya bomba wala ya bahari ya mahali pengine, na chombo kiwekwe penye kivuli. Punje moja ya mchele ikitiwa katika chombo kidogo huongeza bakteria, na kundi huweza kuishi siku nyingi zaidi.

Kumtazama akiwa hai ndiyo sehemu ya kazi isiyo na mbadala. Tone huwekwa kwenye slaidi, na kioo cha kufunikia hushikiliwa kwa vitone vinne vya vaselini pembeni, ili kisimbane. Kwanza hutazamwa kwa ukuzaji mdogo, akiwa ametulia na kufunua mdomo. Hupigwa picha na video akila, akikunjika na akinyooka. Ndipo vaselini hubonyezwa kidogo kidogo hadi mwili unapokaa bapa na viungo vya ndani kuonekana. Mpangilio huu ukigeuzwa, mtafiti hupata vipimo vya kengele iliyopondwa, na kwa bahati mbaya vipimo vya namna hiyo vimejaa katika maandiko ya zamani.

Swali la kwanza ni kama kiumbe huyu ni peritriki kweli. Wapo siliata wengine wenye vikonyo. Acineta na jamaa zake, wa kundi la suktoria, husimama juu ya kikonyo katika maji hayahaya, lakini aliyekomaa hana silia hata moja. Ana mikono myembamba ya kunyonyea mawindo, na silia huonekana kwa mtoto anayeogelea tu. Peritriki wengine hukaa ndani ya kikombe kinachong'aa walichojijengea. Cothurnia, anayepatikana sana juu ya wanyama wa majini wenye magamba, ana kikombe kilichosimama juu ya kikonyo kifupi, naye hujirudisha ndani akishtuka. Hao wakishatengwa hubaki wale walio uchi juu ya vikonyo vyao.

Hapo ndipo kikonyo hutoa hukumu. Kama kengele ni moja peke yake na kikonyo hujikunja mfano wa springi, kiumbe yuko katika jamii ya Vorticella. Kama yuko peke yake lakini kikonyo hujikunja kwa kupinda huku na huku, ni Haplocaulus. Kama kengele ni nyingi kwenye shina lenye matawi, huangaliwa uzi wa ndani. Katika Zoothamnium uzi mmoja hupita shina zima na kuingia katika kila tawi bila kukatika, na kwa hiyo kengele moja ikiguswa, mti wote huanguka kwa pamoja kwa mikunjo ya kwenda na kurudi. Katika Carchesium uzi umekatika kwenye maungio, hivyo kila kengele hujikunja kivyake na jirani huendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Epistylis hana uzi kabisa. Kikonyo chake ni kigumu, na kinachojikunja ni kengele yenyewe juu yake. Kugusa slaidi kwa ncha ya sindano na kutazama kinachoanguka ni jaribio la sekunde moja, nalo hutenganisha jenasi ambazo picha mgando isingeweza kuzitenganisha kwa urahisi.

Kufika kwenye spishi ni safari ndefu zaidi. Hupimwa urefu na upana wa kengele kwa viumbe wengi wa kundi hilo, maana mmoja au wawili hawatoshi kuonyesha wanavyotofautiana. Hutazamwa ukingo wa mdomo: je, ni mpana kuliko tumbo la kengele, ni mnene, umekunjwa mara moja au una mkunjo wa pili? Diski iliyo katikati ya mdomo huweza kuwa bapa au kuinuka kama kifuniko cha chungu. Kiini kikubwa, ambacho huonekana kama utepe, huweza kuwa na umbo la herufi C au J, kikalala kwa mlalo au kufuata urefu wa mwili. Vakuoli huhesabiwa, maana wengine wana moja na wengine mbili, na mahali ilipo hutajwa kwa kulinganisha na koo. Katika aina zenye matawi huangaliwa matawi yanavyogawanyika: mawili mawili, au kwa kupishana upande huu na upande ule kama unyoya, au yote yakitoka mahali pamoja kama mbavu za mwavuli.

Kuna mtego katika aina za matawi. Ndani ya kundi moja la Zoothamnium huweza kuwa na kengele za ukubwa tofauti zenye kazi tofauti. Zoothamnium alternans, anayejulikana tangu miaka ya 1850, ana kengele ndogo nyingi za kula, na kwenye maungio ya matawi ana nyingine kubwa za mviringo ambazo baadaye hujitenga na kwenda kuanzisha kundi jipya. Mtu akizipata hizo kubwa zimekwisha kujishikiza mahali pengine bila matawi bado, huweza kuapa kwamba amekuta jenasi nyingine. Wakati wa kujamiiana hutokea pia viumbe vidogo vya kuogelea ambavyo huja kujishikiza kwenye kengele kubwa na kuungana nayo moja kwa moja, seli nzima ikiingia katika nyingine. Kitone kinachoonekana ubavuni mwa kengele huenda kikawa mchumba, wala si sehemu ya mwili. Maelezo yanayotegemea hatua moja tu ya maisha hayafai kuaminiwa.

Baada ya kumaliza na walio hai, seli hutiwa rangi kwa madini ya fedha. Bruno Klein wa Austria aligundua katika miaka ya 1920 kwamba siliata waliokaushwa na kutiwa nitrati ya fedha huonyesha mistari myeusi iliyojificha juu ya ngozi yao. Mwaka 1930 Wafaransa Chatton na Lwoff walitoa njia nyingine ya fedha, inayofanywa seli zikiwa bado na unyevu, zimeshikwa ndani ya jelatini. Baadaye protagoli, mchanganyiko wa fedha na protini uliokuwa ukitumika kuonyesha neva, uliingizwa katika elimu ya siliata, nao huonyesha vizuri viini na mashina ya silia. Katika maji ya munyu kuna kikwazo ambacho mwenye kuchunguza maji baridi hakijui: chumvi ina kloridi, na kloridi ikikutana na fedha hufanya vumbi jeupe linaloharibu slaidi nzima. Seli hulazimika kuoshwa chumvi kwa uangalifu kabla ya fedha kutiwa, na zikioshwa kwa pupa hupasuka.

Fedha huonyesha mambo mawili makubwa. La kwanza ni ngozi. Katika Vorticella mistari ya fedha huzunguka mwili kwa usawa, mmoja chini ya mwingine, kama pete za pipa. Mwaka 1974 Wilhelm Foissner na mwenzake Schiffmann walionyesha kwamba baadhi ya wale waliokuwa wakiitwa Vorticella wana mistari inayokatana kama wavu, wakawatengea jenasi mpya ya Pseudovorticella. Kwa jicho la kawaida wote wawili ni kengele ileile yenye kikonyo cha springi. Idadi ya mistari huhesabiwa sehemu mbili, kutoka mdomoni hadi kwenye pete inayozaa silia za telotroki, na kutoka kwenye pete hiyo hadi kikonyo kinapoanzia. Hesabu hiyo huwa na mpaka wake kwa kila spishi, na haivimbi wala kusinyaa kwa sababu ya mvua.

Jambo la pili liko kooni. Silia za mdomo hushuka ndani kwa mzunguko, na karibu na mwisho hujipanga katika vifungu vitatu vya safu fupi. Urefu wa vifungu hivyo, idadi ya safu katika kila kimoja, na hasa mahali kifungu cha tatu kinapoishia, hutofautiana kati ya spishi zinazofanana kwa kila kitu kingine. Kupata seli iliyolala upande unaofaa ili vifungu vyote vitatu vionekane kunaweza kumaliza slaidi nyingi. Hakuna njia ya mkato, na maelezo yasiyo na mchoro wa koo sasa huhesabiwa kuwa nusu maelezo.

Kisha huja jeni. Seli moja huchukuliwa kwa pipeti nyembamba, huoshwa mara kadhaa katika maji safi yaliyochujwa ili isiambatane na jirani, na DNA yake hunakiliwa. Jeni inayosomwa zaidi ni ile ya kijisehemu kidogo cha ribosomu, yenye takriban herufi 1,700. Usomaji huu umeleta mshangao katika kundi hili. Vorticella microstoma, aliyedhaniwa kuwa kengele ya kawaida kabisa, ameonekana kuwa karibu zaidi na Astylozoon na Opisthonecta, ambao hawana vikonyo na huogelea maisha yao yote, kuliko alivyo karibu na Vorticella wengine. Kengele ya kikonyo kumbe si ukoo mmoja. Hata hivyo herufi za DNA bila umbo hazina msaada mkubwa, kwa kuwa spishi nyingi zilizotajwa zamani hazijawahi kusomwa jeni, na hakuna cha kuzilinganisha nacho isipokuwa michoro.

Michoro hiyo imetawanyika katika karne mbili na zaidi. Anayetaka kusema kwamba kiumbe wake ni mpya analazimika kurudi kwa O. F. Müller wa Denmark wa karne ya 18, kwa Ehrenberg wa Ujerumani na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1838, na kwa Alfred Kahl, aliyekusanya siliata wote waliojulikana katika miaka ya 1930. Vorticella walipangwa upya na Alan Warren wa makumbusho ya London mwaka 1986. Tangu miaka ya 1990 Weibo Song na wanafunzi wake katika mji wa Qingdao, China, wameeleza upya peritriki wengi wa pwani ya nchi yao kwa fedha na kwa jeni, na kazi zao ndizo kipimo cha sasa kwa siliata wa maji ya chumvi na ya munyu.

Mfano mmoja unaonyesha thamani ya kueleza upya. Kati ya 1820 na 1825 Ehrenberg na rafiki yake Wilhelm Hemprich walisafiri Misri na Bahari ya Shamu. Hemprich alifariki dunia Massawa mwaka 1825. Miongoni mwa waliyoyaona ni kiumbe mweupe mwenye umbo la unyoya, ambaye leo anaitwa Zoothamnium niveum, yaani mweupe kama theluji. Maelezo yake yalikuwa mafupi, na kwa zaidi ya karne moja na nusu jina lilikaa vitabuni bila mtu kujua vizuri ni la nani. Mwaka 1996 Bauer-Nebelsick, Bardele na Ott walichapisha maelezo mapya kwa kutumia makundi yaliyokuwa yakiota kwenye kingo za udongo wa mikoko huko Belize, Amerika ya Kati.

Waliyoyaeleza yalikuwa makubwa kuliko jina. Kundi moja hufikia urefu wa milimita 15, jitu katika ulimwengu wa seli moja moja. Lina kengele za aina tatu: ndogo za kula, kubwa za kusafiri, na zile za ncha za matawi ambazo hugawanyika na kurefusha kundi. Weupe wake unatokana na bakteria waliofunika uso wake wote, wenye chembe za salfa ndani yao. Tope la mikoko hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, harufu anayoijua kila aliyewahi kutembea horini maji yamepwa. Gesi hiyo ni sumu kwa viumbe wengi, lakini bakteria hawa huiunguza kwa oksijeni na kujitengenezea chakula, na siliata hushiba kwa jasho lao. Kila kundi linapojikunja huzama kwenye maji yenye gesi, na linaponyooka hurudi kwenye maji yenye oksijeni, hivyo uzi uleule wa spasmonema unawalisha bakteria pande zote mbili. Mikoko ya Afrika Mashariki ina tope la namna hiyo kutoka Lamu hadi Mtwara, na yeyote mwenye lenzi ya mkononi anaweza kuzikagua kingo zake.

Ushahidi wote ukishakusanywa, kuna njia mbili. Kiumbe akilingana na spishi ya zamani, huelezwa upya chini ya jina lake, na tofauti ndogo za mahali na chumvi hutajwa. Asipolingana na yeyote, hupewa jina jipya kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, ambazo protista wa aina hii wamo chini yake. Jina huwa na maneno mawili ya Kilatini au yaliyofanywa Kilatini, na la pili likiwa sifa hufuata jinsi ya la kwanza: niveum kwa Zoothamnium, lakini lingekuwa nivea kwa Vorticella. Maelezo hutaja wazi sifa zinazomtenga na jamaa zake wa karibu, mahali na chumvi ya maji alimopatikana, vipimo, picha za aliye hai, na michoro ya fedha. Tangu mwaka 2012 jina huweza kutangazwa katika jarida la kielektroniki, mradi kazi hiyo imeandikishwa kwanza katika daftari la kimataifa la ZooBank.

Sharti la mwisho ni slaidi yenyewe. Kwa majina yaliyotolewa kuanzia mwaka 2000, mwandishi hutakiwa kuonyesha bayana kielelezo cha jina na kutaja makumbusho au hazina ya taasisi kitakakohifadhiwa. Kwa siliata kielelezo hicho kwa kawaida ni seli moja iliyotiwa fedha, kati ya nyingi zilizo kwenye kioo kimoja. Huchorwa duara dogo la wino kuizunguka, slaidi ikapewa namba na kuwekwa kabatini, na jina hubaki kuwa la seli iliyo ndani ya duara hilo.